Ramani ya uchaguzi: nani anachora mipaka, na kiti cha depite kinahesabiwa namna gani?

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Pweto, unafika Kasomeno, penye njia panda. Njia moja inaendelea mpaka Pweto, ingine inashuka Kasenga, kwenye mto Luapula. Ni upande huo wa Luapula ndiko kuna mradi wa barabara ya kulipia na daraja la kuvuka mpaka Mwenda, kule Zambia. Mambo ya barabara, peaji, masomo na hospitali yanazungumziwa pia Kinshasa, ndani ya Bunge la taifa. Anayesema kwa ajili ya watu wa territwari ni depite wao.

Watu wengi wanajua jina la depite. Wachache njo wanajua kwa nini territwari fulani iko na madepite watatu, na jirani yake iko na mmoja tu. Kwa inchi zingine, jibu liko kwenye ramani: nani alichora mipaka ya eneo la uchaguzi. Kwetu Kongo, jibu liko zaidi ndani ya daftari la wapiga kura. Hapa chini ni maelezo ya namna zote mbili.

Marekani: ramani inachorwa kwa kompyuta

Marekani iko na viti 435 katika Baraza la Wawakilishi. Kila kiti ni cha eneo moja, na kila eneo linachagua mtu mmoja tu. Kila miaka 10 serikali inahesabu watu. Kisha hesabu, viti vinagawiwa kati ya majimbo, na kila jimbo linachora upya mipaka ya maeneo yake. Kufuata hesabu ya mwaka 2020, eneo moja linapaswa kuwa na watu karibu 760 000.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu wachache, kwenye meza, na karatasi na kalamu. Leo hata mwanafunzi anaweza kuifanya nyumbani kwa intaneti. Programu inayojulikana sana ni Dave's Redistricting App, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Dave Bradlee, mtaalamu wa kompyuta. Haiombi pesa. Mtu anafungua ramani ya jimbo, anachagua rangi, anapaka mtaa mmoja mmoja. Kila mara anapopaka, programu inahesabu palepale: eneo hili limefikisha watu wangapi, lile limebakisha wangapi, na kura za zamani zinaonyesha chama gani kingeshinda.

Mwishoni programu inapima ramani yote. Je, viti vinalingana na kura za kila chama? Je, kuna maeneo yenye ushindani wa kweli? Je, watu wa makundi madogo wanaweza kuchagua mtu wao? Je, maeneo yako na umbo la kueleweka, na je, miji imekatwakatwa bila sababu? Kwa njia hiyo raia wa kawaida anaweza kulinganisha ramani ya serikali na ya kwake.

Mstari unaweza kugeuza mshindi

Tuchukue mfano mdogo. Kuna vijiji 15, vinagawiwa katika maeneo matatu, kila eneo vijiji vitano. Vijiji 9 vinapenda chama cha Mahindi, 6 vinapenda chama cha Mihogo. Mtu anayefikiri vizuri atasema: Mahindi viti viwili, Mihogo kimoja.

Lakini anayeshika kalamu ni mtu wa Mihogo. Eneo la kwanza anaweka vijiji vitano vyote vya Mahindi. Vimebaki vinne vya Mahindi na sita vya Mihogo. Anavigawa: eneo la pili, Mahindi viwili na Mihogo vitatu; eneo la tatu, vilevile. Matokeo: Mihogo viti viwili, Mahindi kimoja. Hakuna kura iliyoibiwa, hakuna karatasi iliyochomwa. Ni mstari tu.

Wamarekani wako na jina la mchezo huo, linalotamkwa jerimanda. Limetoka kwa gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry. Mwaka 1812 alitia sahihi ramani yenye eneo lililopindapinda sawa mnyama anayeitwa salamanda. Mchezo haujaisha. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema majaji wa serikali kuu hawawezi kukata kesi za ramani iliyochorwa kwa kupendelea chama. Mwaka 2025 Texas ilichora upya ramani yake bila kungoja hesabu mpya ya watu, ili chama cha Republican kipate viti zaidi. California ikajibu: Novemba 2025 wapiga kura wake walikubali ramani ya kusaidia Democrat.

Kompyuta inayosaidia raia kuona udanganyifu njo hiyohiyo inayosaidia wanasiasa kuupanga vizuri.

Kongo: mpaka ni wa utawala

Kwetu hakuna mtu anayekaa kuchora eneo la uchaguzi kila miaka 10. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006, ambayo imebadilishwa mara nyingi tangu hapo, inasema eneo la kuchagua depite wa taifa ni territwari ao mji. Kinshasa peke yake ndiyo imegawiwa katika maeneo manne, kila moja likikusanya komini kadhaa: Lukunga, Funa, Mont-Amba na Tshangu.

Kwa hiyo Haut-Katanga iko na territwari za Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania, pamoja na miji ya Lubumbashi na Likasi. Mtu wa Kasomeno anapiga kura na wenzake wa territwari ya Kasenga. Mtu wa Katuba, wa Kenya ao wa Ruashi anapiga kura katika eneo moja na mji wote wa Lubumbashi.

Penye kiti kimoja, anayepata kura nyingi anashinda, hakuna duru ya pili. Penye viti viwili na kuendelea, viti vinagawiwa kati ya liste kulingana na kura zao. Juu ya hiyo, jerimanda kama ya Marekani ni ngumu kufanyika hapa. Mipaka haisogei kila uchaguzi. Kinachosogea ni idadi ya viti.

Namna viti vinavyohesabiwa

Bunge la taifa liko na viti 500. Tume ya uchaguzi, CENI, inachukua idadi ya wapiga kura walioandikwa inchi nzima, inagawanya kwa 500. Jibu ni kipimo cha kiti kimoja. Katika uandikishaji wa 2022-2023, walioandikwa walikuwa karibu milioni 44. Kipimo kikawa karibu wapiga kura 88 000 kwa kiti.

Kila jimbo linapata viti kufuata kipimo hicho. Kisha ndani ya jimbo, viti vinagawiwa kwa territwari na miji kufuata walioandikwa pale. Viti vinavyobaki vinaenda kwa wenye mabaki makubwa. Na territwari ndogo sana, isiyofikisha kipimo, haiachwi bule: inapewa kiti kimoja. CENI inapomaliza hesabu, orodha ya viti inapelekwa Bungeni na inapitishwa kama sheria, sawa ilivyofanyika mwaka 2023 kabla ya uchaguzi wa Desemba.

Mfano wa kueleza tu, si hesabu ya kweli ya jimbo fulani. Jimbo liko na viti 10 na walioandikwa 1 000 000. Kipimo ni 100 000. Mji uko na 600 000: viti 6. Territwari ya kwanza iko na 260 000: viti 2, mabaki 60 000. Territwari ya pili iko na 140 000: kiti 1, mabaki 40 000. Vimetoka viti 9. Cha mwisho kinaenda territwari ya kwanza, yenye mabaki makubwa. Inakuwa na viti 3.

Sasa, watu 30 000 wa territwari ya kwanza hawakuandikwa. Mashini iliharibika, kituo kilikuwa mbali, mvua ilikata barabara, wengine walikuwa kwenye kambi za uvuvi. Walioandikwa territwarini wanakuwa 230 000, na jimbo zima 970 000. Kipimo kinashuka mpaka 97 000. Mji unabaki na viti 6. Territwari ya kwanza inapata 2 na mabaki 36 000. Ya pili inapata 1 na mabaki 43 000. Kiti cha mwisho kinahamia territwari ya pili. Ya kwanza imebaki na 2, kwa miaka mitano. Watu hawakupungua, karti njo zilipungua.

Kwa nini si hesabu ya watu?

Kwa inchi nyingi, viti vinafuata idadi ya wakaaji wote, pamoja na watoto. Kongo haiwezi kufanya hivyo kwa sasa: hesabu ya mwisho ya watu wote ilifanywa mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu wa miaka zaidi ya 40.

Kutegemea daftari kuko na hatari mbili. Ya kwanza ni kuongeza majina: wadogo kuandikwa kama wakubwa, mtu mmoja kupata karti mbili, wageni kupenya. Ndiyo maana ukaguzi wa daftari unaleta kelele kila mara. Ule wa Mei 2023 wapinzani waliulalamikia kwamba ulifanywa kwa siku chache tu. Hatari ya pili ni kuacha watu inje, na hiyo haipigi kelele.

Majimbo ya mashariki yanaijua sana. Tarehe 20 Desemba 2023, Masisi na Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, hazikuchagua madepite kwa sababu ya vita. Kwamouth pia, kule Mai-Ndombe, ilibaki inje. Mwaka 2018, uchaguzi ulisogezwa mpaka Machi 2019 kwa Beni na Butembo, pamoja na Yumbi. Goma na Bukavu zilitekwa na M23 mwanzoni mwa 2025. Mtu aliyekimbia kwao akaandikwa penye alikimbilia, anahesabiwa kwa viti vya penye alikimbilia.

Kalamu inapogusa mpaka wa utawala

Kwa kuwa eneo la uchaguzi ni mpaka wa utawala, anayebadilisha mpaka wa utawala anabadilisha uchaguzi pia. Katanga imeyaona hayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilisema inchi itakuwa na majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa. Mpango ulikawia. Mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26, na Katanga ikakatwa vipande vine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Gavana mmoja wakawa wane, bunge moja la jimbo yakawa mane. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti ilibaki Haut-Katanga na Lualaba. Wengine walifurahi kupata serikali karibu, wengine walisema wamekatwa na mali.

Kwenye Seneti hesabu ni ingine tena: kila jimbo, likiwa kubwa ao dogo, liko na maseneta 4, na Kinshasa 8. Hapo ni idadi ya majimbo njo inayopima, si idadi ya watu.

Na mstari mdogo unaweza kuwasha moto. Komini ya Minembwe, Kivu ya Kusini, ilipowekewa bourgmestre wake Septemba 2020, mabishano yalishika inchi nzima. Oktoba uleule Rais Tshisekedi akaifuta.

Majirani wa Kenya wamechagua njia ya katikati. Katiba yao ya 2010 imeweka maeneo 290, kila moja mbunge mmoja. Mipaka yake inapaswa kupitiwa na tume kila baada ya miaka 8 mpaka 12. Idadi ya watu inaweza kupita ao kupungua kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa na penye watu wachache asilimia 40. Ramani ya sasa ni ya 2012. Muda wa kuipitia upya uliisha Machi 2024 tume ikiwa haina makamishna.

Programu inaweza kusaidia nini hapa?

Kupaka rangi territwari ya Kasenga upya hakutabadilisha kitu. Lakini ramani ya kompyuta inaweza kujibu swali lingine, kubwa zaidi kwetu: kituo cha kuandikishia kiko wapi, na kijiji kiko mbali namna gani?

CENI inatangaza orodha ya vituo kabla ya kuandikisha. Vijiji na barabara nyingi ziko tayari kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure inayojazwa na watu wa kujitolea. Programu ya QGIS, nayo ya bure, inaweza kuweka vitu hivyo pamoja. Kikundi cha vijana wenye kompyuta moja wanaweza kuweka alama kila kituo, kuzungushia duara la kilomita 10, na kuona vijiji vinavyobaki inje. Hata bila kompyuta, chefu wa kijiji na karatasi wanaweza kufanya hivyo. Orodha ya vijiji vilivyo mbali, ikipelekwa kwenye ofisi ya CENI mapema, ni maombi yenye ushahidi. Ikipelekwa kisha mashini kuondoka, ni kilio tu.

Mambo ya kushika

Eneo la uchaguzi la depite ni territwari ao mji. Idadi ya viti inafuata walioandikwa, si wakaaji wote. Karti ya mpiga kura, ambayo wengi wanaichukua juu ya kupita barierre ao kupokea pesa kwenye simu, inahesabiwa pia katika viti vya territwari. Inahesabiwa tangu siku ya kuandikwa, hata kama siku ya kura mwenyewe hakuenda. Na kiti kilichopotea wakati wa kuandikisha hakirudi mpaka uandikishaji mwingine.