Gharama: ya kutengeneza au ya kilichouzwa?

Neno "gharama" linabeba mambo mawili ambayo mhasibu huyatenganisha. Tuseme fundi wa Mugunga, kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, anachonga chukudu 10 (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), na kila moja inamgharimu dola 80: mbao, misumari, vipande vya tairi kuukuu vya kuvisha magurudumu, pamoja na ujira wa kijana anayemsaidia. Gharama ya kutengeneza ni dola 800. Akiuza 6 kwa dola 100 kila moja, anapata 600, na jirani atasema amekula hasara ya 200. Jirani amekosea. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 480 tu. Chukudu 4 zilizobaki ni mali ya dola 320, na faida ghafi ni 120.

Wapo watakaopinga wakisema mali iliyolala haipiki chakula. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu fedha taslimu: fundi anaweza kupata faida na bado akakosa pesa ya mbao. Wengine watasema hesabu hizi ni za viwanda vikubwa. Lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na mfumo wa uhasibu wa jumuiya hiyo una utaratibu mwepesi kwa biashara ndogo. Tena, asiyejua gharama ya chukudu moja anaweza kuiuza dola 70 akidhani amepata. Kwa hiyo tusiache "gharama" peke yake. Tutaje kila mara ni gharama ya nini.