Tiketi ya Mpira na Imani ya Mtazamaji

Wahenga wametuachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu waweza kutuongoza tunapochunguza jambo linaloonekana dogo katika utamaduni wa michezo nchini mwetu, yaani tiketi ya mpira, na namna wapenzi wa mchezo huo walivyoipokea ilipohama kutoka kwenye karatasi kuingia katika mashine.

Kwa miaka mingi tiketi ilikuwa karatasi yenye namba, iliyochanwa mlangoni, na mtazamaji akabaki na kipande chake. Kwetu Kinampanda, wilayani Iramba, mechi kubwa zilitufikia kwa redio. Aliyejaliwa kusafiri hadi Dar es Salaam alikuwa na kipande hicho kuwa ushahidi wake barazani. Ni nani asingependa kuonyesha leo kipande cha mwaka 1968, Yanga ilipoifunga Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba, mabao 5 kwa 0. Au cha mwaka 1977, Simba ilipolipa kisasi kwa mabao 6 kwa 0?

Lakini karatasi ilikuwa na kasoro zake. Walanguzi waliinunua kwa wingi na kuiuza kwa bei ya kuruka. Wajanja walichapa za bandia. Tiketi isiyochanwa iliweza kurudi dirishani na kuuzwa tena. Uwanja ulijaa, lakini mapato yaliyotangazwa yakawa haba. Ndipo manung'uniko yalipozaliwa.

Mwaka 2014 Shirikisho la Mpira wa Miguu lilijaribu tiketi za elektroniki, lakini jaribio hilo halikudumu. Tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga zilipokutana katika uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, milango ya mashine na viti viliharibiwa, na Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia. Baadaye ikaja N-Card, kadi ambayo pia hutumika katika kivuko cha Kigamboni.

Je, tuseme kwamba wananchi wanachukia mambo mapya? La, hasha. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na wakulima wa vijijini wakaipokea. Tofauti ni kwamba fedha ya simu ina wakala jirani, mtu wa kuulizwa, na ujumbe unaobaki mkononi mwa mwenye mali. Lakini mashine ikikataa kadi mlangoni, naye mtazamaji ametoka mbali na fedha yake amekwisha kuilipa, atamwendea nani? Karatasi, pamoja na udhaifu wake, haikuhitaji kuombewa na mtu mwingine.

Mwaka 2017 Singida United ilirejea Ligi Kuu, na Yanga ikacheza katika uwanja wa Namfua, mjini Singida. Mpira mkubwa ukawa umetusogelea sisi wa Iramba, pamoja na maswali yake ya mlangoni.

Hatuna budi basi kuikubali mashine, kwa kuwa ndiyo daftari lililokosekana. Lakini daftari hilo lisomwe na pande zote: klabu ijue mapato yake, na mtazamaji apewe uthibitisho anaoweza kuushika, pamoja na mtu wa kumsikiliza. Imani ya watu hujengwa kwa hesabu iliyo wazi, na bila imani hiyo hata uwanja uliojaa huwa na upungufu.