Kuchambua Kabla ya Kuchagua

Neno "kura" tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bahati nasibu. Watu wakigombea kitu kimoja hupigwa kura, na atakayeangukiwa ndiye mwenyewe. Maana hiyo bado hai: timu za mpira hupangwa makundi kwa kura. Basi tukisema tunakwenda "kupiga kura", neno lenyewe halitudai sababu yoyote.

Linalodai ni "kuchagua". Kalemela, mkoani Simiyu, mkulima wa pamba analijua kwa vidole vyake. Pamba ikitoka shambani, nyeupe huwekwa upande wake, iliyochafuka au kuliwa na wadudu upande wa pili: hii safi, ile fifi. Akizichanganya, bei itamsuta.

Je, chama cha siasa nacho twakichagua hivyo? Wapo wanaokipenda chama kwa jazba tu, na "mkereketwa" ni neno linalowafaa kweli. Limetoka katika kukereketa, kama koo linavyokereketa, na ile "-wa" ya kutendwa yatuambia kwamba huyu hakuchagua, amekereketwa. Wengine humfuata mtu: Bariadi Mashariki ilimpeleka bungeni John Cheyo wa UDP mwaka 2005 na 2010, naye nchi nzima ilimfahamu kama Bwana Mapesa. Wengine hufuata alama: mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wa TANU waligawiwa jembe na nyumba, na kwa mkulima jembe si picha tu.

Sizidharau sababu hizo. Lakini Usukuma iliwahi kuwa na sababu nzito zaidi. Serikali ya kikoloni ilipozuia matawi ya TANU huku, tangu 1954 hadi 1958, vyama vya ushirika wa pamba vilibaki kuwa sauti ya mkulima. Aliyejiunga alijua anachotaka: mizani isiyomwibia.

Lugha imetuwekea kitenzi kingine, "kuchambua". Kiwandani ni kutenga nyuzi na mbegu. Jikoni ni kutoa majani mabovu kwenye mchicha. Kwa mpiga kura ni kuipekua ilani, ambayo kwa asili ya jina lake ni tangazo tu. Imesema nini juu ya bei ya pamba? Juu ya zahanati? Na ile ya miaka mitano iliyopita, ilitimizwa?

Anayekesha akitenga safi na fifi hahitaji kufundishwa kuchagua. Namwomba tu asiyaache macho yale nyumbani siku ya kura.