Hiari kama Tiba: Yoga na Uzingativu kwa Manusura wa Kiwewe

Utangulizi

Tangu mwaka 1980, ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe ulipoingizwa katika toleo la tatu la mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, tiba ya kiwewe kwa sehemu kubwa imekuwa tiba ya maneno, ambapo manusura huketi na mtaalamu, husimulia yaliyompata na kusaidiwa kuyatazama upya. Kiwewe, kwa maana inayotumika hapa, ni jeraha linalobaki katika nafsi na mwili baada ya tukio lililomzidi mtu nguvu, kama vile ubakaji, vita, mateso au ukatili wa utotoni, na dalili zake ni pamoja na majinamizi, kumbukumbu zinazojirudia bila kuitwa, kukwepa kila kinachofanana na tukio, na mwili usiotulia hata hatari inapokuwa imekwisha. Tiba ya maneno imewasaidia wengi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inapendekeza tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe. Hata hivyo, wapo manusura ambao hupata nafuu ndogo tu kwa kusimulia, au huacha tiba kabla haijakamilika, na hao ndio waliowasukuma baadhi ya wataalamu kuutafuta mlango wa mwili. Makala haya yanadai kwamba kinachoponya katika yoga inayozingatia kiwewe ni hiari anayorudishiwa manusura juu ya mwili wake kuliko mikao yenyewe, na kwamba taasisi za Afrika Mashariki zitakazoipokea yoga hiyo bila kanuni ya hiari zitakuwa zimepokea mazoezi ya viungo na kuiacha tiba.

Nafasi ya Mwili katika Kiwewe

Hatari inapotokea, amigdala, ambayo ni sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na ishara za hatari, huuamsha mwili kabla ya sehemu ya mbele ya ubongo kupata nafasi ya kupima na kuamua. Adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio na misuli hukakamaa ili mtu apigane au akimbie, na pale ambapo hakuna moja kati ya hayo linalowezekana, mwili huganda. Kwa aliyepatwa na kiwewe mwitikio huu hauzimiki kwa wakati, hata harufu, sauti au mguso usio na dhara huweza kuuwasha upya. Kwa kuwa kuuhisi mwili kumekuwa sawa na kuihisi hatari, manusura wengi hujitenga na miili yao na kuishi katika hali ya ganzi, ambayo huwakinga na maumivu lakini pia huwapunguzia uwezo wa kutambua njaa, uchovu, utulivu na furaha. Daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk, ambaye kitabu chake The Body Keeps the Score kilichapishwa mwaka 2014, ni miongoni mwa waliosisitiza kwamba tiba isiyougusa uhusiano huo uliovunjika kati ya mtu na mwili wake huliacha jeraha likiwa limepona nusu.

Maelezo hayo ya kifiziolojia ni ya lazima, lakini hayatoshi. Katika ubakaji, utekaji au mateso, mwili wa mtu huamuliwa na mwingine: ukae wapi, uguswe vipi, unyamaze au ulie. Kinachoporwa hapo, pamoja na usalama, ni mamlaka ya mtu juu ya nafsi yake. Kutokana na hilo, tiba inayomwamrisha manusura, hata kwa nia njema kabisa, hurudia umbo la kile kilichomjeruhi.

Yoga Isiyoamrisha

Hoja hii inaonekana wazi katika yoga iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika kituo cha tiba ya kiwewe huko Brookline, Massachusetts, na mwalimu wa yoga David Emerson akishirikiana na van der Kolk. Katika madarasa mengi ya kawaida, mwalimu hutoa maelekezo ya moja kwa moja, hupita kati ya wanafunzi na kuwanyoosha kwa mikono yake, na husifu mkao uliofanyika sawasawa. Katika yoga ya Brookline mwalimu hamgusi mshiriki, hatumii mikanda ya kufungia viungo ambayo huweza kumkumbusha mtu alivyofungwa, na hufanya mazoezi pamoja na washiriki badala ya kuwasimamia. Lugha yake ni ya mwaliko: husema kwamba ukipenda unaweza kuinua mkono, au kuuacha ulipo, na uamuzi wowote hupokewa bila kusifiwa wala kukosolewa. Hakuna anayetakiwa kueleza yaliyompata. Mshiriki anapohisi msuli wa paja ukivutika, kisha akaamua kuendelea au kupumzika, huwa amefanya mambo mawili ambayo kiwewe kilimnyima, yaani kuuhisi mwili wake na kuuamulia.

Matokeo ya njia hii yamepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, van der Kolk na wenzake waliwashirikisha wanawake 64 ambao dalili zao zilikuwa za muda mrefu na hazikuwa zimepona kwa tiba nyingine. Kundi moja lilifanya yoga kwa saa moja kila wiki kwa wiki 10, na jingine lilipata elimu ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga, sawa na asilimia 52, hawakutimiza tena vigezo vya ugonjwa huo, ikilinganishwa na 6 kati ya 29, sawa na asilimia 21, katika kundi la pili. Utafiti wa mwaka 2023 uliohusisha wanawake 131 waliowahi kuwa wanajeshi wa Marekani na kupatwa na ukatili wa kingono wakiwa jeshini, ulilinganisha yoga hii na tiba ya maneno inayoheshimika na kuona kwamba nafuu ya dalili ilikaribiana, huku waliokamilisha yoga wakiwa wengi zaidi kwa uwiano kuliko waliokamilisha tiba ya maneno. Idadi za washiriki ni ndogo na wote ni wanawake wa Marekani, hivyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa wanaume, watoto au wakimbizi.

Funzo la Uzingativu

Msomaji makini anaweza kuuliza: iweje sifa ipewe hiari, ilhali katika tafiti hizo hiari na mazoezi vilitolewa pamoja? Jibu la karibu linapatikana katika uzingativu, yaani zoezi la kuelekeza fikra kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa bila kukihukumu, ambalo Jon Kabat-Zinn aliliingiza hospitalini mwaka 1979 kupitia mpango wake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Zoezi la msingi ni kutulia, mara nyingi macho yakiwa yamefumbwa, na kuifuata pumzi. Wengi huliona kuwa rahisi, lakini kwa aliyewahi kukabwa koo pumzi si mahali pa salama, na kwa aliyevamiwa gizani kufumba macho ni kujivua ulinzi. David Treleaven, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu uzingativu unaojali kiwewe, ameeleza jinsi kumhimiza mtu wa namna hiyo aendelee kuutazama mwili wake kunavyoweza kumzamisha katika kumbukumbu anayoikimbia. Mtu huyohuyo, akielezwa tangu mwanzo kwamba anaweza kuacha macho wazi, kuelekeza fikra kwenye nyayo zake zilizokanyaga sakafu au kwenye sauti za nje, na kukoma wakati wowote, huweza kulifanya zoezi bila kuzidiwa. Zoezi ni lile la kutulia na kuzingatia, na kinachotofautisha dawa na dhara ni ruhusa ya kuchagua.

Uzingativu wenyewe nao una mipaka yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 kuhusu maveterani 116 wa Minneapolis lilionyesha kwamba mpango wa Kabat-Zinn ulipunguza ukali wa dalili kuliko tiba ya kikundi iliyolinganishwa nao, lakini makundi hayo hayakutofautiana katika idadi ya waliotoka kabisa katika ugonjwa. Kwa hiyo yoga na uzingativu vinapaswa kusimama kando ya tiba ya maneno, vikimwandaa asiyeweza bado kusimulia na kumtegemeza anayesimulia, bila kudai nafasi yake.

Masharti ya Kuipokea Afrika Mashariki

Haja ya tiba ya kiwewe ni kubwa katika eneo linalobeba athari za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 na vita vya mashariki mwa Kongo, ambako Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege imejenga huduma inayounganisha matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na kuinua hali za kiuchumi za manusura. Mfano huo unakumbusha kwamba pumzi tulivu haiwezi kuchukua nafasi ya haki wala ya riziki, na mwanamke anayerudi kuishi jirani na aliyembaka anahitaji ulinzi kabla ya mkeka. Uhaba wa wataalamu, ambao hutajwa mara nyingi kama kikwazo, una jibu la kutia moyo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi waliofunzwa kwa wiki sita waliweza kutoa tiba ya masimulizi kwa wenzao wa Rwanda na Somalia, na utafiti wa mwaka 2008 uliohusu wakimbizi 277 ulithibitisha nafuu yao. Walimu wa yoga wanaweza kuandaliwa kwa njia kama hiyo, mradi wasimamiwe na wataalamu na wajue wakati wa kumpeleka mtu kwao.

Kikwazo kizito zaidi ni desturi ya amri. Shuleni, zahanatini, gerezani na kambini, msaada huja pamoja na maagizo ya kupanga foleni, kukaa wima na kunyamaza, na anayesaidiwa hutarajiwa kutii kama alama ya shukrani. Mwalimu wa yoga aliyelelewa katika desturi hiyo ataamrisha bila kujua, na mshiriki atatii bila kutaka, hata wote wawili waamini kwamba ukimya uliopo ni utulivu. Mafunzo yake, basi, yanapaswa kumzoeza kwanza kualika, kungoja na kukubali kukataliwa, kabla ya kumfundisha mkao hata mmoja.

Hiari hiyohiyo inajibu swali la dini, ambalo halistahili kupuuzwa katika jamii za Waislamu na Wakristo. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mikao, ibada na matamshi ya Kihindu, na mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa la Indonesia liliharamisha yoga yenye mantra, yaani maneno ya ibada, huku likiruhusu ile ya mazoezi ya mwili tu. Yoga ya Brookline haina mantra, lakini uadilifu unadai mshiriki aelezwe asili ya mazoezi haya huko India ili aamue akiwa anajua, na anayeona dhamiri yake inamkataza apatiwe njia nyingine bila kubembelezwa. Vivyo hivyo, mwanamke anayetaka kufanya mazoezi akiwa na baibui, kwenye kiti, au katika kundi la wanawake peke yao, anapaswa kuwekewa utaratibu huo kama haki yake.

Hitimisho

Thamani ya yoga na uzingativu kwa manusura itategemea yule anayeshika mamlaka ndani ya chumba cha mazoezi. Wizara, hospitali na mashirika yanayopanga kuleta huduma hizi yanapaswa kupima ubora wake kwa kuangalia iwapo mshiriki anaweza kukataa mkao, kutoka nje au kutorudi wiki inayofuata bila kupoteza dawa, chakula au heshima anayopewa mahali hapo. Pale ambapo kukataa kuna gharama, darasa hilo lisihesabiwe kuwa tiba, hata likijaa washiriki kila wiki, na fedha zake zingefaa kwanza kuwafunza watoa huduma namna ya kuupokea uamuzi wa mtu ambaye kwa muda mrefu hakuachiwa kuamua.