Modeli ya Ndege ya Mafunzo T-38 Talon

Modeli hii imejengwa kwa uwiano wa 1:48, yaani kila sentimita moja ya plastiki inawakilisha sentimita 48 za ndege halisi, ambayo ina urefu wa mita 14 hivi. T-38 Talon, iliyoundwa na kampuni ya Northrop ya Marekani na kuruka mara ya kwanza mwaka 1959, ndiyo ndege ya mafunzo ya kwanza duniani kupita kasi ya sauti. Wanaanga wa NASA huirusha kutoka uwanja wa Ellington, Houston, wakiketi wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, ili wazoee kuamua upesi pale ambapo hatari ni ya kweli, jambo ambalo mitambo ya kuigiza urukaji hailifundishi kikamilifu.

Kazi ngumu zaidi ya mjenzi ni kiwiliwili, ambacho kimebanwa katikati kama kiuno ili kupunguza ukinzani wa hewa ndege inapokaribia kasi ya sauti. Maungio yake husuguliwa kwa msasa laini bila kuharibu mbinuko huo mzuri, kisha rangi nyeupe hupulizwa kwa tabaka nyembamba, kwa kuwa tabaka nene hufukia mistari ya maungio ya mabati. Mstari wa buluu wa ubavuni hubandikwa mwisho.

Modeli inahifadhiwa pia kwa heshima ya Theodore Freeman, Elliot See, Charles Bassett na Clifton Williams, wanaanga waliofariki katika ajali za ndege za aina hii kati ya 1964 na 1967, kabla yeyote kati yao hajasafiri kwenda anga za juu.