Fungate na Vidole Vitatu

Hapa visiwani hakuna asiyelijua neno fungate. Ni zile siku saba za mwanzo ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani, wakaletewa vyakula na kuepushwa na kazi. Ukimwuliza kijana kwa nini siku hizo zikaitwa hivyo, huenda akakujibu kwa kicheko kwamba wawili wale wamefungiwa. Jawabu hilo linapendeza, ila silo. Fungate ni mabaki ya mfungate, jina la kale la saba, lililotumika kabla saba yenyewe haijatufikia kutoka Kiarabu. Wapenzi wa ushairi bado wanalikumbuka, kama wanavyoikumbuka tandatu kuwa ndiyo sita, na kenda kuwa ndiyo tisa.

Mimi nililijua neno hili vitabuni kwa miaka mingi, wala sikupata kujiuliza ndani yake mna nini. Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa Old Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro, mahali ambapo bahari ni hadithi tu. Nilikuwa nimeketi uani kwake, penye kivuli cha migomba na mibuni, naye alikuwa akichambua maharage pamoja na mjukuu wake ambaye hajaanza shule. Mtoto alihesabu kwa Kichagga, akafika sita, akakwama. Bibi hakumtajia jawabu. Aliiweka kando sinia, akainyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wa mtoto, vidole vyote kumi vimesimama, kisha akavikunja vitatu. Mtoto akavitazama vilivyobaki, akasema: mfungare.

Nilihisi kama niliyemwona ndugu wa damu katika mji wa ugenini. Mfungare yao ndiyo mfungate yetu, na wachunguzi wa lugha za Kibantu wamelifafanua neno hilo sawasawa na alivyofanya yule bibi: ni kufunga vitatu. Katika vidole kumi, ukifunga vitatu, husalia saba. Basi jina la namba hiyo ni maelezo ya kitendo cha mkono.

Tuyatazame na majirani zake. Sita kwa Kichagga ni irandaru, nayo tandatu yetu ya kale ni ndugu yake; ndani yake mna tatu na tatu, vidole vitatu vya mkono huu na vitatu vya mkono ule. Nane, ambayo wao huiita nyanya, ni nne na nne. Kwa hiyo mtoto aliyefunzwa majina haya pamoja na ishara zake alikuwa amekwisha kupewa mambo mawili makubwa ya hesabu: kwamba namba huweza kugawika mafungu mawili yaliyo sawa, na kwamba namba huweza kupatikana kwa kutoa katika iliyo kubwa zaidi. Aliyajua hayo kwa viganja kabla hajaona chaki.

Sisi wa pwani tulipozipokea sita, saba na tisa, tulipata maneno mepesi ya sokoni na ya daftari la mfanyabiashara, wala sijutii. Lakini maneno hayo yalikuja bila ya mikono. Nane peke yake ndiyo iliyobaki na vidole vyake, nasi twaitamka kila siku bila ya kuviona.

Kule mlimani mkono ulifanya kazi hata katika mafunzo ya makubwa kuliko hesabu. Vijana waliokuwa wakiingizwa katika utu uzima walifundishwa kwa mregho, fimbo iliyochongwa mistari na pengo kwa pengo, na kila alama ilikuwa na fundisho lake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeanza kazi miongoni mwa Wachagga mwaka 1902, aliyakusanya mafunzo hayo katika juzuu 3 zilizotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Mregho haukuwa wa watoto wadogo. Nautaja kwa kuwa watu wale hawakuona haya kuikabidhi elimu yao kwa macho na vidole pamoja na ulimi.

Mwaka huo huo wa 1938 kilichapwa London kitabu kidogo cha Otto Raum kuhusu ufundishaji wa hesabu barani Afrika. Raum alikuwa mwana wa mmisionari Johannes Raum, aliyeandika sarufi ya Kichagga cha Moshi. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu haiwezi kufaa isipojengwa juu ya utamaduni wa watu na mambo yanayowashughulisha. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu kingine juu ya utoto wa Wachagga, akaeleza jinsi watoto wanavyojifunza kwa kucheza na kwa kuiga wakubwa.

Laiti vitabu hivyo vingelimfikia mwalimu wangu. Mimi sikwenda mbali na shule, na mengi ninayoyajua nimejifunza mwenyewe. Lakini siisahau asubuhi moja ya utotoni nilipoificha mikono chini ya dawati nikihesabu, mwalimu akaiona, akaniamuru niinyooshe vidole juu ya ubao, akavichapa kwa rula. Alisema anayehesabu kwa vidole hana akili. Tangu siku ile hesabu kwangu ikawa ni jambo la kuogopa, na mikono yangu nikaionea aibu.

Leo najua kwamba yule mwalimu ndiye aliyekosea. Mwaka 1973 Claudia Zaslavsky wa Marekani alitoa kitabu juu ya hesabu za Kiafrika, nacho kimezipa ishara za vidole mahali pa heshima. Na mwaka 2008 Susan Goldin-Meadow na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakifundishwa milinganyo. Walioambiwa watumie mikono walipokuwa wakijifunza waliyahifadhi waliyojifunza wiki kadhaa baadaye, kuliko wale waliotumia maneno peke yake. Yule bibi wa Old Moshi hakuhitaji kuusubiri utafiti huo.

Sisemi kwamba vidole vinatosha. Mtoto lazima avuke kumi, na iko siku ataiacha mikono ipumzike. Lakini ataivuka vizuri zaidi ikiwa hakuvunjwa moyo mlangoni. Tangu mtaala wa mwaka 2015, madarasa mawili ya mwanzo nchini Tanzania yametiliwa mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu mwenye watoto wengi na vifaa vichache asisahau kwamba kila mtoto ameingia darasani na vifaa kumi ambavyo havinunuliwi.

Nasi washairi tuna sehemu yetu. Tumeyatunza maneno ya kale kama vito vya sandukuni. Tuyarudishie na viungo vyake. Itakapokuwa harusi nyumbani kwako, na watoto wakauliza fungate ni nini, usiwajibu kwa maneno. Inyooshe mikono yako miwili, ukunje vidole vitatu, uwaache wahesabu vilivyobaki.