Mashua Nyembamba na Mashua Pana

Zamani barabara za Uingereza zilikuwa mbaya, na mizigo ilikuwa taabu kubwa. Basi watu wakachimba mifereji, wakasafirisha makaa ya mawe kwa mashua zilizovutwa na farasi. James Brindley alipima malango ya mfereji wa Trent na Mersey yawe na upana wa mita 2 na kidogo, ili kupunguza maji na gharama. Alikufa mwaka 1772. Kazi ikaisha mwaka 1777. Tangu hapo mashua nyingi zikaundwa kwa kipimo chake.

Wenye mfereji wa Grand Junction walijenga malango ya mita 4 na zaidi: mashua nyembamba mbili huingia pamoja, au pana moja peke yake. Lakini njia ya Blisworth, iliyofunguliwa mwaka 1805, hupita chini ya kilima zaidi ya kilomita 2. Humo nyembamba mbili hupishana. Pana haipishani na mwenzake. Hata leo mwenye mashua pana huomba nafasi kwanza, na wengine humngojea.

Kipimo cha babu kiliwabana wajukuu. Hawakuweza kuipanua milima. Walijifunza kupeana zamu. Mkubwa aombe, mdogo avumilie: ndivyo njia moja inavyowatosha wote.